Nani Kabadili Adapta ya Boksi la Mama

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, jua tu haya. Mimi ni Gerald, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ulemo, Iramba. Mama yetu, Dorika, alifariki mwezi wa tatu akatuachia kiwanja kando ya lami pale Misigiri. Kiwanja hicho ndicho kilichonitenga na dada yangu Marietha, mtu tuliyenyonya naye titi moja.

Marietha alisema mama alimwahidi yeye, kwa kuwa ndiye aliyemuuguza miaka mitatu hapa kwangu. Mimi nilikuwa na karatasi yenye dole gumba la mama, inayosema kiwanja ni cha Gerald.

Mdogo wetu Simeoni, anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam, ndiye aliyekuwa na kitu cha tatu. Krismasi ya mwisho ya mama alimwekea kamera. Mama akatutoa wote nje, akabaki na ile kamera, akaongea karibu saa nzima. Alipomaliza akamwapisha Simeoni kwamba maneno yale yasifunguliwe mpaka yeye awe kaburini. Simeoni akayahifadhi kwenye boksi lake.

Boksi lenyewe ni jeusi, limesimama kama kitabu kinene cha nyimbo. Ndani lina diski mbili. Simeoni alilinunua tutunzie picha za ukoo, akaliacha sebuleni kwangu, limeunganishwa na kile kidude cha intaneti.

Baraza la ardhi la kata likapanga kutusikiliza Alhamisi. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, uje na boksi. Tutalifungua mbele ya wote. Mpaka siku hiyo asiliguse mtu."

Jumatatu nikataka kuhakikisha tu kama linawaka. Nikabonyeza. Taa ikamulika, ikazimika, ikamulika tena. Ndani kitu kikawa kinagonga: tik, tik, tik. Basi, likafa.

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, nimesimama sebuleni na jasho linanitoka.

Niseme ukweli. Jina la mwizi nilikuwa nalo kabla sijajua kama kuna kilichoibiwa. Paskali, mume wa Marietha.

Siku mbili kabla, nimetoka kwenye kikao cha usharika, nilimkuta anatoka sebuleni kwangu. Hakuwa ameniambia kama anakuja. Alinisalimia huku anatembea. Mke wangu Emiliana alikuwa amesimama karibu na meza ya boksi, na aliponiona akaanza kufuta vumbi mahali pasipokuwa na vumbi.

"Shemeji alitaka nini?" nilimuuliza.

"Alipita tu kusalimia."

"Kusalimia meza?"

Akaendelea kufuta. Na mimi nikawaza mabaya mawili kwa mpigo. Moja ni la boksi. La pili naona haya kuliandika hapa, ila mtu mzima ataelewa.

Jumanne asubuhi nikachomoa adapta, yaani kile kidude cheusi cha kwenye soketi kinacholisha boksi umeme. Nikaitia mfuko wa koti, nikapanda gari la kwanza kwenda Singida. Sikumuaga Emiliana.

Fundi Mansuri ana kibanda nyuma ya soko. Redio zimefunguliwa matumbo, simu zimelala chali, na katikati yake yeye mwenyewe, miwani kwenye paji la uso.

"Karibu, mzee wangu."

"Adapta hii imekufa. Nataka nyingine kama hii hii."

Akaichukua, akaichomeka, akagusisha nyaya za mita yake. Akaangalia. Akanitazama.

"Haijakufa."

"Imekufa. Boksi haliwaki."

"Mzee, mita haina ukoo na mimi. Volti kumi na mbili, hizo hapo. Nzima kabisa."

Kama adapta ni nzima, basi kilichokufa ni boksi, na maneno ya mama yamekwenda nalo. Alhamisi nitasimama mbele ya kata nzima na mzigo wa plastiki, na watu watasema mwalimu kaliua mwenyewe.

Mansuri akashusha miwani, akaisogeza adapta machoni. "Boksi lako ni la aina gani?"

Nikamweleza. Diski mbili, picha, intaneti.

"Lina kibandiko chini. Uliandika maneno yake?"

Nilikuwa nimeyanakili. Ualimu haumtoki mtu. Nikampa karatasi.

Akasoma, akacheka kidogo. "Hapa umeandika volti kumi na mbili, ampea tatu. Hii uliyoniletea ni volti kumi na mbili, ampea moja. Inawasha taa tu. Diski zikitaka kuzunguka, nguvu inaisha, boksi linazimika. Linajaribu tena, linazimika tena. Lilikuwa linagonga?"

"Tik, tik, tik."

"Basi ndiyo hiyo. Hii si adapta ya boksi hilo. Hii ni ya king'amuzi."

Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

Mwaka ule kila nyumba yenye televisheni ilikuwa imenunua king'amuzi. Adapta zake zilikuwa zimezagaa kama visoda. Lakini mimi yangu ilikuwa imejaa vumbi nyuma ya televisheni, nilikuwa nimeiona asubuhi ile ile. Kwa hiyo hii ilitoka nje ya nyumba yangu. Mtu ameingia nayo, akaichomeka, akaondoka na ile ya kweli.

"Na kuna jambo lingine," Mansuri akasema. Akanigeuzia adapta. Ubavuni ilikuwa na alama ndogo ya kalamu nyekundu. "Hii alama ni yangu. Kila ninachouza nakitia alama, mtu akija kulalamika nijue kama ni changu. Hii imetoka hapa hapa."

"Ulimuuzia nani?"

"Mzee, watu ni wengi."

"Jaribu kukumbuka. Nakuomba."

Akakuna kidevu. "Ijumaa. Jamaa mrefu, mkono wa kushoto hauna kidole cha mwisho. Alikuja na adapta iliyoungua, akasema anataka ya boksi la TV, pini iwe saizi ile ile."

Kidole cha mwisho cha Paskali kililiwa na mashine ya kukamua alizeti mwaka wa harusi yao. Nilikuwepo.

Sikusikia vizuri maneno yaliyofuata. Nakumbuka tu Mansuri akifukua boksi la chini ya meza, akatoa adapta nyingine, nzito. "Hii ilikuwa ya skrini ya kompyuta. Volti kumi na mbili, ampea nne."

Hata yeye nikaanza kumshuku. Kwa nini ampea nne, wakati karatasi inasema tatu? Kama Paskali alifika hapa Ijumaa, walikubaliana nini?

"Unataka kuniunguzia boksi?" nikamuuliza.

Hakukasirika. "Ampea zikizidi si neno. Boksi litachukua kiasi linachohitaji, basi. Kinachoua ni volti. Mtu akikupa chaja ya laptopu ya volti kumi na tisa, akakwambia pini inaingia, mkimbie." Akapima pini, akapima tena, akanionesha kwenye mchoro wa kibandiko kwamba chanya iko katikati, kama boksi linavyotaka. "Nenda nayo. Ikikataa, irudishe."

Nilifika Ulemo mchana, jua limesimama. Sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mashine ya alizeti.

Paskali alikuwa anamimina mbegu. Watu kama kumi hivi walikuwa wanangoja zamu zao na magunia. Akaniona midomo inacheza, akazima mashine ili anisikie. Kwa hiyo wote wakasikia.

"Mwizi wewe!"

"Shemeji?"

"Ijumaa ulikuwa Singida. Jumamosi ulikuwa sebuleni kwangu. Adapta ya boksi la mama iko wapi?"

Akajifuta mafuta mikononi, taratibu. Akaangalia chini. Nilimwona mtu aliyekamatwa, na nikafurahi. Nakiri, nilifurahi.

"Shemeji," akasema, "nenda nyumbani."

"Nijibu hapa! Ulikwenda au hukwenda?"

"Nilikwenda."

"Ulinunua au hukununua?"

"Nilinunua."

Watu wakaguna. Mama mmoja akaweka mkono mdomoni.

"Mmesikia wote," nikasema. "Alhamisi mtakuwa mashahidi wangu."

Marietha alikuwa ametokea nyuma, kapu mkononi. Alisikia kipande cha mwisho. Alikuja akasimama kati yetu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba tulikuwa karibu kiasi cha kusikia pumzi.

"Kaka, umemwita mume wangu mwizi mbele za watu."

"Amekiri mwenyewe."

Akamgeukia mumewe. "Paskali, sema neno."

Paskali akatikisa kichwa. "Mwache, mama. Aende nyumbani kwanza." Kisha akaniangalia, na haikuwa sura ya hasira. "Shemeji, ukifika usipige kelele. Uliza kwa upole."

Akawasha mashine.

Maneno yale, "uliza kwa upole", yalinichoma kuliko tusi. Nimuulize nani? Njia nzima nilikuwa nalijibu swali hilo mwenyewe, na kila jibu lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Anajua nini cha ndani ya nyumba yangu hata aniagize namna ya kuongea na mke wangu?

Emiliana alikuwa uani, anapepeta mtama. Nilimwekea adapta ya king'amuzi juu ya ungo.

"Mama Elizabeti. Hii nini?"

Aliitazama. Mikono ikaacha kupepeta.

"Paskali amekwambia?"

"Paskali hajaniambia kitu. Niambie wewe. Kuna nini kati yenu?"

Akanyanyua uso. Nadhani mwanzo hakuelewa swali. Alipolielewa, alisimama wima, mtama ukamwagika.

"Mungu akusamehe," akasema.

Akaingia ndani. Nikamsikia akivuta debe la unga. Akarudi na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, akanipa. Nilifungua. Ilikuwa adapta ya boksi, ile ya kweli. Ubavu umeyeyuka, na harufu ya kuungua ilikuwa bado iko hai.

"Alhamisi iliyopita nilikuwa napiga pasi nguo zako za kanisani," akasema. "Nilichomeka pasi kwenye ule ule waya mrefu wa kuongezea soketi, uliochomekwa boksi. Pakalia pa! Moshi. Pasi haikuwa na neno. Hii ndiyo iliungua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Hakupandisha sauti. "Tangu mama amezikwa, katika nyumba hii kila kitu kikihama mahali pake, basi kuna mtu ametumwa na Marietha. Chumvi ikipungua, ni Marietha. Kuku akipotea, ni Marietha. Ningekwambia nimeunguza kidude cha boksi la mama, wiki moja kabla ya baraza, ungesema nini?"

Nilijua ningesema nini.

"Nikamwomba Paskali anitafutie kama hii. Nilijua ana safari ya Singida kufuata vipuri. Nikamwambia, shemeji, naomba asijue mtu, hata wifi. Nikampa hii aende nayo ya mfano, akanirudishia Jumamosi pamoja na ile nyingine. Nikaichomeka, nikaona taa imewaka. Nikajua yameisha."

Paskali alisimama mbele ya wateja wake, akaitwa mwizi, na alikuwa na jibu mdomoni. Akalimeza kwa ajili ya mke wangu.

Nilitamani ardhi inifunike. Mtu mwenye akili angegeuka pale pale, akarudi kwenye mashine, akapiga magoti juu ya mashudu. Nilifika mpaka mlangoni, kweli. Kisha nikakumbuka adapta iliyokuwa mfukoni mwangu.

"Ngoja kwanza nione kama linawaka," nikamwambia Emiliana. "Nikienda kuomba radhi, niende na habari njema."

Hiyo ndiyo sababu niliyompa. Nayo ilikuwa nusu ya kweli.

Nikachomeka adapta ya Mansuri kwenye soketi lake peke yake. Nikabonyeza. Taa ikamulika. Nikangoja ile tik. Haikuja. Badala yake diski zikaanza kuzunguka, zikavuma polepole, na taa ya bluu ikatulia tuli.

"Limepona!" Emiliana akapiga makofi. "Sasa lizime, Baba Elizabeti. Walisema lisifunguliwe."

"Nahakikisha tu kama filamu ya mama ipo," nikasema, nikiifunua kompyuta yangu ndogo.

"Utaiona ipo, utafungua."

"Sifungui. Kaniwekee chai."

Akaenda. Nikafungua.

Wasomaji wangu, sasa inabidi niseme nilichokificha wiki zote hizi. Ile karatasi ya dole gumba niliiandika mimi. Nilimpelekea mama kitandani, nikamwambia ni fomu ya bima ya afya. Macho yake yalikuwa yameshafifia. Nilimshika kidole, nikakichovya kwenye wino, nikakibandika. Akanishukuru.

Nilikuwa na hakika hakujua. Ndiyo maana sikuliogopa boksi. Nilidhani humo atawaombea wajukuu, ataimba wimbo mmoja wa kanisani, basi, na karatasi yangu itabaki peke yake mezani pa baraza.

Mama akatokea kwenye kioo cha kompyuta, shuka begani. Aliongea Kinyiramba, polepole, kama anavyoongea na mtoto anayetumwa mbali. Akataja majina ya watoto wake, hai na waliokufa. Akasimulia walivyohamia Ulemo. Dakika kumi zikapita, nami nikaanza kulegea kwenye kiti.

Kisha akaisogelea kamera.

"Gerald ataleta karatasi," akasema. "Kidole ni changu. Maneno si yangu. Aliniambia ni ya hospitali. Macho yangu ni mabovu, lakini mkono wa mwanangu ulikuwa unatetemeka, na mtu hatetemeki kwa karatasi ya hospitali."

Nilishika ukingo wa meza.

"Nimenyamaza kwa sababu ni mwanangu, na ninakaa kwake. Nikisema nikiwa hai, nitamvunjia nyumba. Sasa sikilizeni habari ya kiwanja cha barabarani. Kile ni cha..."

"Hodi humu!"

Sauti ya Marietha, mlangoni.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, ukaung'oa waya wa adapta ukutani. Taa ya bluu ikafa. Diski zikalia kama mtu anayekata pumzi, zikanyamaza. Nikafunga kompyuta.

Marietha aliingia bila kusubiri karibu. Hakuwa na hasira tena, na hilo lilinitisha zaidi. Macho yalikuwa mekundu.

"Paskali ameniambia yote," akasema. "Nimembana mpaka amesema. Kaka, sikuja kugombana. Kama kidude kiliungua, kiliungua. Tumekosa wote. Umepata kingine?"

"Nimepata."

"Limewaka?"

Emiliana alikuwa ametokea jikoni na birika la chai. Alisimama pale, anautazama waya uliokuwa unaning'inia mkononi mwangu.

"Halijawaka," nikasema. "Adapta ya fundi haifai. Nadhani boksi lenyewe limekufa, dada. Pole."

Marietha akakaa kwenye kiti kilichokuwa cha mama. Akajifunika uso na khanga. Nikamwona mabega yakitikisika, nami nikaenda nikamwekea mkono begani. Ndiyo, mkono huu huu. Nikamwambia Mungu ndiye ajuaye, labda ni mapenzi yake maneno ya mama yakae alikokwenda nayo.

Emiliana aliweka birika mezani kwa nguvu, kifuniko kikaruka.

Ndipo simu ya Marietha ilipolia. Akajifuta macho, akaitazama.

"Simeoni huyu," akasema. Akapokea. "Ndiyo, mdogo wangu... Niko kwa kaka... Eti?"

Akasikiliza. Nikaona khanga inashuka taratibu kutoka usoni. Akainua macho, akanitazama, akautazama waya, kisha akanitazama tena.

"Rudia, Simeoni. Sema kwa nguvu, kaka naye asikie." Akaibonyeza simu, akaiweka katikati ya meza, kando ya boksi.

Sauti ya mdogo wangu ikatoka, inakwaruzakwaruza, kutoka Dar es Salaam.

"Nasema boksi lilikuwa limewaka sasa hivi! Nimeliona hapa kwenye kompyuta yangu. Filamu ya mama ilianza kushuka kwangu yenyewe, kama nilivyolitegea boksi kwa ajili ya baraza, ikafika zaidi ya nusu, ikakatika ghafla. Nani kachomoa waya?"